Mumi Ndani ya Tangi

Siku ya kufungua makambi, mkutano wa kanisa wa kila mwaka, Nyanchera alifika uwanja wa kanisa akiwa nyuma ya bodaboda, gunia moja la mboga amelikumbatia, jingine limelazwa mbele ya dereva juu ya tangi la mafuta. Ilikuwa chinsaga tupu, ile mboga chungu ya Wakisii inayopikwa kwa maziwa hadi inalegea, na ilikuwa imechumwa asubuhi hiyo hiyo. Dereva alikuwa amemeza mate njia nzima kutoka Ekerenyo.

"Mama Lavender, leo mchungaji mgeni atasahau mahubiri," dereva alimwambia akimsaidia kushuka, maana Nyanchera alikuwa na nyonga mbovu, na kushuka pikipiki kwake ilikuwa kazi ya kufanywa polepole, mguu mmoja kwanza, halafu maombi, halafu wa pili.

Alisimama, akashika fimbo yake, akangoja. Jiko la makambi lilikuwa pale chini ya mabati mapya, moshi unatoka, wanawake wa Dorkasi, chama cha akina mama wa kanisa, wamefunga vilemba vyao vya njano na kuzunguka sufuria. Kwa kawaida mtu akija na gunia, wanawake hao humkimbilia kulipokea huku wakiimba. Leo walimwona, wakainama. Mmoja aliyekuwa anamenya ndizi aliendelea kukwangua ndizi iliyokwisha kumenywa.

Aliyekuja ni Gesare, mwenyekiti wao, mwanamke mpana mwenye sauti ya kujaza kanisa bila spika.

"Bwakire, dada."

"Bwakire buya," Nyanchera aliitikia. "Nimeleta za leo. Za Alhamisi nitachuma asubuhi yake, zisinyauke."

Gesare aliyatazama magunia kama mtu anayetazama mgonjwa aliyezidiwa. Akapunguza sauti, na sauti ya Gesare hata ikipunguzwa ilisikika hadi barabarani. "Nyanchera, hizi rudi nazo kwanza. Kikao kimesema tusubiri."

"Tusubiri nini?"

"Ni hawa samaki wako. Mboga zako zinakunywa maji ya samaki, hilo ulitueleza na hatukuwa na neno. Lakini sasa tumesikia kwenye hilo tangi kuna mumi."

Mumi ndiye kambare, samaki mwenye ndevu na ngozi laini, asiye na gamba hata moja. Kwa Wasabato samaki wa namna hiyo yuko kundi moja na nguruwe: haliwi, hapikwi, na ni afadhali asitajwe karibu na sufuria ya kanisa.

"Mimi nilinunua ngege," Nyanchera alisema. "Ngege ana magamba mpaka shingoni."

"Machogu amemwona kwa macho yake. Ameongea sokoni, watu wamesikia."

"Na nyinyi mkamsikiliza Machogu."

"Si mimi, ni kikao." Gesare aligusa gunia kwa kidole kimoja, akakirudisha haraka. "Wageni wanatoka mpaka Marani. Wakisikia tumewalisha uchafu wa mumi tutawaeleza nini? Leo tutapika kabichi. Tumeshaagiza."

Nyanchera angeweza kuvumilia mengine yote, lakini hilo neno kabichi lilimchoma. Wiki nzima alikuwa amewaza jinsi wageni wangekaa kwenye nyasi na sahani za chinsaga na ugali wa wimbi, na kuuliza zimetoka wapi. Akageuka amtafute dereva. Yule kijana alikuwa bado ameshika gunia mikononi kama mtoto wa mtu, hajui amkabidhi nani. Wakayarudisha yote kwenye pikipiki, na kamba ikawasumbua kufunga, na wakati wote huo hakuna aliyeinua kichwa pale jikoni mpaka walipoondoka.

&nbsp;

Tangi lililoleta maneno lilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya paa la nailoni. Lilikuwa tangi kubwa la plastiki lililokatwa juu na kuzungushiwa ukingo wa matofali, limejaa maji na samaki. Juu yake, kwa kimo cha kiuno, yalipangwa masanduku ya mbao yaliyotandikwa nailoni na kujazwa kokoto. Pampu ndogo ya sola iliyavuta maji machafu ya samaki na kuyamwaga kwenye kokoto; mizizi ya mboga ikala uchafu, maji yakadondoka tena tangini yakiwa masafi. Hapakuwa na udongo wala jembe, na hapakuwa na kuinama.

Hilo la kutoinama ndilo lililokuwa muhimu. Tangu Nyanchera ateleze kwenye mteremko wa majani chai na kuvunjika nyonga, shamba lake lilikuwa limebaki kuwa kitu cha kutazamwa kwa dirisha. Sasa kila asubuhi alisimama mbele ya kokoto zake kama mwenye duka kwenye kaunta, akachuma chinsaga, managu, dhania na minti, mgongo umenyooka, fimbo imeegemezwa ukutani. Majirani walikuwa wamecheka mwanzoni, kwamba mama wa watu amepanda mboga kwenye mawe. Kisha mboga zikaota, zikawa nzito, wakaanza kuja na vikapu.

Mumewe, Obadiah, alirudi kutoka makambi saa za mchana akiwa ndani ya suti yake ya uzee wa kanisa. Alimkuta mkewe ameketi kwenye kiti nje, magunia yako miguuni pake.

"Ulikuwa kwenye kikao," Nyanchera alisema.

"Nilikuwa."

"Lini?"

"Jana, baada ya Sabato kuisha."

"Na asubuhi ukaniona nikifunga magunia."

Obadiah alianza kuilegeza tai. Alikuwa mtu mpole, mtu wa kukunja koti lake kabla ya kuketi, na wanawake wengi kanisani walimwambia Nyanchera kwamba alikuwa na bahati. "Nilidhani watabadilisha mawazo kabla hujafika."

"Ulinishikia gunia nikifunga kamba, Obadiah."

Kwa kawaida alimwita Baba Lavender. Aliposikia jina lake tupu, mzee aliacha ile tai ikining'inia, akaingia ndani.

Gunia moja lilikwenda kwa ng'ombe. Ng'ombe alikula kwa furaha na hilo halikumfariji mtu. Gunia la pili Nyanchera alilinyunyizia maji, akalifunika kwa majani ya ndizi, akasema kesho atalipeleka Kisii.

&nbsp;

Leela na mumewe Subhash walikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii. Pampu ya Nyanchera ilitoka hapo, pamoja na mabomba na ile nailoni. Siku aliyoinunua, Leela alimuuliza ni ya kazi gani, na kuanzia hapo kila wiki Nyanchera alikuwa akimletea dhania na minti. Leela alizaliwa papo hapo Kisii. Kiswahili chake kilikuwa na mikunjo ya Kikisii, na alipokasirika na wapakiaji mizigo aliwagombeza kwa Kikisii chenyewe mpaka wakacheka.

"Leo umeleta msitu," Leela alisema alipoona gunia.

"Ni chinsaga. Zimerudishwa kanisani."

"Kwa nini zirudishwe? Keti kwanza. Trisha, leta kiti."

Binti yake akaleta kiti na chai. Nyanchera aliketi katikati ya ndoo za rangi na mafungu ya misumari, akaeleza. Alipofika pale pa mboga kunywa maji ya samaki, alinyamaza ghafla. Alikuwa amekumbuka kwamba huyu mama hali samaki wala nyama, wala hata yai, na kwamba kwa miezi yote hiyo ya dhania hakuwahi kumwambia. Alikuwa amemwambia pampu ni ya kumwagilia. Hilo lilikuwa kweli, ila nusu.

Angeweza kupita hapo. Leela alikuwa anangoja tu aendelee, mkono shavuni. Lakini Nyanchera alikuwa ametoka kutendewa hivyo na mtu wake mwenyewe, na hakupenda jinsi ladha yake ilivyokuwa.

"Mama Trisha, ile dhania yako pia," alisema. "Inakunywa maji hayo hayo. Nilipaswa kukuambia tangu mwanzo. Ukitaka kuniacha sitakulaumu."

Leela aliweka kikombe chini. "Hao samaki unawaua?"

"Bado. Baridi ya kwetu imewachelewesha, ni wadogo. Lakini siku moja tutawala, sitakudanganya."

"Na dhania, inawagusa?"

"Hapana. Wako chini, yenyewe iko juu. Ni maji tu yanapanda na kushuka."

Leela alifikiri. Mteja aliingia akauliza bawaba, akaonyeshwa rafu kwa kidevu. "Mama mkwe wangu angekuwa hai, angeitupa mpaka kwa lango," alisema mwishoni. "Mimi nitakula. Mvua nayo hunyesha juu ya kila kitu. Lakini usimwambie Subhash, ataniuliza maswali mpaka Diwali."

"Nimesikia," Subhash alisema kutoka nyuma ya marundo ya saruji.

"Basi umesikia," Leela akamjibu bila kugeuka, na Trisha akacheka ndani ya mkono wake. Kisha Leela akamwinamia Nyanchera. "Sasa huyo mwenye ndevu. Yuko au hayuko?"

"Hayuko. Nilinunua vifaranga vya ngege."

"Wewe uliwaona wote? Mmoja mmoja?"

Nyanchera akaanza kukumbuka. Vifaranga walikuja kwenye mfuko wa plastiki uliojaa hewa, wadogo kama misumari ile ya inchi moja pale kaunta, wote weusi, wote wanakimbia. Tangu awamwage tangini, maji yalikuwa ya kijani na yeye alikuwa anawaona migongo tu wakati wa kulisha.

"Kwetu hapa," Leela alisema, "mteja akisema sanduku lina msumari mbovu, sisi hufungua sanduku."

Gunia liliuzwa kwa mama wa hoteli jirani kabla ya chai kwisha.

&nbsp;

Aliporudi, jua lilikuwa bado juu. Hakuingia nyumbani, alipitia kwa Machogu, ambaye shamba lake lilipakana na lao. Machogu alikuwa Mkatoliki, mjane, mtu wa utani, na ndiye aliyewasaidia kuifunga upya nailoni ile iliyong'olewa na upepo. Alikuwa anachonga nguzo.

"Machogu, ulimwona mumi kwangu, au ulikuwa unatafuta kicheko sokoni?"

Machogu aliweka panga chini, uso umemshuka. "Nilimwona, Mama Lavender. Alipanda kuvuta hewa. Ana ndevu kama katekista wetu. Lakini mimi nilisema kwa wema. Nilisema ukija kumchoka, mimi nipo. Sikujua itafika kanisani."

Nyanchera alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye tangi. Alizima pampu, akakunja mkono wa sweta mpaka begani, akatumbukiza mkono ndani ya maji baridi, akangoja. Ngege walikuja, wakamdonoa vidole, magamba yao yakimkwaruza kidogo kama brashi. Halafu wakatawanyika wote kwa pamoja. Kitu kirefu, laini, chenye utelezi, kikapita taratibu chini ya kiganja chake, kikapita, kikaendelea kupita.

Alitoa mkono kana kwamba umeungua. Obadiah alikuwa amesimama nyuma yake. Hakujua alifika saa ngapi.

"Yuko," Nyanchera alisema. "Tena ni mkubwa. Ndiyo maana ngege wangu wanapungua na mimi nasingizia baridi. Huyu anawala."

Obadiah alichuchumaa, akachungulia maji kwa muda. Kisha akasema polepole, bila kumtazama, "Machogu anamtaka. Tukimtoa sasa tukampa, kesho tukiwaita wanawake wataona ngege peke yao. Hakuna atakayekuwa amesema uongo."

"Wewe ni mzee wa kanisa."

"Mimi ni mume wako. Jana nilikosa kuwa, leo nataka kuwa."

Nyanchera aliketi kwenye ukingo wa matofali. Mkono wake ulikuwa unatiririka maji. Lilikuwa wazo zuri, na ndilo lililomuumiza. Lingemaliza kila kitu kabla ya chakula cha jioni. Chinsaga ingerudi kwenye sufuria, Gesare angeomba radhi kwa ile sauti yake, na yeye angeipokea radhi hiyo akijua. Kila Sabato angeketi benchi moja nao akijua.

"Asante, Baba Lavender," alisema. "Lakini hapana. Kesho waite waje. Nitawaambia kabla ya kumwaga maji, si baada."

"Watazikataa mboga kabisa."

"Basi watakuwa wamekataa kitu wanachokijua."

Obadiah aliguna. Halafu akasimama na kwenda kutafuta mapipa na mabeseni ya kuwahifadhi samaki, na Nyanchera akamsikia akiyasugua huko nyuma kwa brashi na sabuni, moja baada ya lingine, kwa bidii ya mtu anayesugua kitu kingine.

&nbsp;

Walikuja kesho yake baada ya somo la asubuhi, Gesare mbele, wanawake wengine wa Dorkasi nyuma yake na vilemba vyao vya njano, wakishuka kijia katikati ya migomba kama watu wanaokwenda kuangalia maiti. Mkongwe Nyakerario alikuwa miongoni mwao, ameshikwa mkono, maana alisema hajawahi kumwona mumi aliye hai na hangekubali kufa hivyo. Machogu alikuwa upande wake wa ua, anajifanya anakagua nguzo.

Nyanchera alikuwa ameyafikiria maneno tangu alfajiri, lakini walipojipanga mbele yake yakapotea.

"Mumi yuko," alisema. "Jumapili nilisema hayuko, na sikuwa nadanganya, nilikuwa sijui. Jana nimemshika kwa mkono huu. Aliyeniuzia vifaranga alichanganya. Nimewaita mumwone akitoka, msiambiwe na mtu."

Wanawake walitazamana. Gesare alikuwa amekuja na hotuba, ikaonekana wazi kwamba alikuwa nayo, na sasa haikuwa na pa kuanzia. "Basi mtoe," alisema.

Obadiah, suruali imekunjwa magotini, alifungua bomba. Maji yakashuka. Akaingia tangini, akaanza kuwatoa ngege kwa kikapu, akiwahamishia kwenye mapipa, wadogo, wanene, wanang'aa. "Hawa wana magamba," Nyakerario alisema kila kikapu kilipopita, kama anayesoma sala. "Hawa pia." Maji yakabaki kimo cha goti. Yakabaki kimo cha kifundo. Halafu kwenye matope ya chini kitu kikajigeuza, na ndevu zikaonekana, na kichwa bapa kama mwiko.

"Mungu wangu," mtu mmoja alinong'ona. "Ni kama kijana wa darasa la nane."

Obadiah alimvizia, akamkamata kwa mikono miwili, akamwinua. Wakati huo huo mwingine akajigeuza kwenye matope. Walikuwa wawili. Obadiah aligutuka, akalegeza mkono, na mumi wa kwanza akachomoka kama sabuni, akaruka ukingo, akaanguka kwenye nyasi mbele ya Dorkasi.

Mumi ni samaki anayeweza kutembea akiwa nchi kavu, jambo ambalo wengi wao hawakuwa wamelijua. Alijisukuma kwa mapezi, akajipinda, akaelekea kwenye vilemba vya njano kwa kasi ambayo hakuna aliyeitegemea. Wanawake wakatawanyika. Nyakerario aliyeshikwa mkono alijikuta hajashikwa na mtu. Gesare alirudi nyuma, akarudi tena, kisigino kikagonga beseni tupu, akaketi ndani ya beseni kwa kishindo, miguu juu, na mumi akapita kandokando ya kiatu chake na kuingia kwenye majani ya malenge.

Nyanchera alishika mdomo. Alijua kwamba sasa yamekwisha. Mtu anaweza kusamehe mumi, lakini hasamehi kuonekana ndani ya beseni.

Gesare alijaribu kuinuka. Beseni lilikuwa limemkaa. Alijaribu tena, likainuka naye. Halafu sauti ikatoka kwake, nyembamba kwanza, kama ya mtu anayetaka kulia, ikapanuka, ikawa ile sauti ya kujaza kanisa, na alikuwa anacheka. Alicheka mpaka kilemba kikamteleza jichoni. "Nivuteni," alisema. "Nivuteni jamani, ameniona, atarudi." Na wengine, waliokuwa wamejificha nyuma ya migomba, wakaanza mmoja mmoja, mpaka ikawa hakuna mwenye nguvu ya kumvuta mwenziwe.

Ni Nyakerario peke yake ambaye hakucheka. Alikuwa amesimama vile vile alivyoachwa, uso umejaa wasiwasi.

"Gesare," aliita. "Samahani, mimi ni mzee na sielewi haraka. Hizi mboga ni najisi kwa sababu zimekula kinyesi cha mnyama asiyeliwa?"

"Ndivyo kikao kilivyosema," Gesare alijibu akijifuta macho.

"Na punda, je, analiwa?"

"Punda haliwi, mama. Unajua haliwi."

"Sasa ile mbolea ya punda wako. Mimi nimeinunua msimu huu na msimu uliopita. Nimeweka kwenye managu, nimeweka kwenye maharagwe. Nimekula." Alikuwa anahesabu kwa vidole. "Na sadaka ya mavuno nilileta maharagwe hayo hayo. Mbona hukuniambia?"

Punda wa Gesare alijulikana tarafa nzima. Alibeba ndizi hadi sokoni na majani chai hadi kituo cha kununulia, na mbolea yake ilikuwa kwenye kila bustani kuanzia kanisani mpaka mtoni. Ilikuwa pia kwenye kabichi za Jumapili. Nyanchera aliona wazo hilo likifika kwenye nyuso, moja baada ya nyingine. Kwa Gesare lilifika mwisho, na lilipofika akaketi tena ndani ya beseni, kwa hiari yake.

"Mama Nyakerario," alisema, "hujakosa kitu. Maharagwe ni maharagwe." Akakiweka kilemba chake sawa. "Ni maharagwe tu. Na chinsaga ni chinsaga."

Obadiah alikuwa amemkamata mumi wa pili na kumfunika ndani ya ndoo. Alisogea mbele, matope mpaka mapajani. "Dada zangu, kabla hamjaenda," alisema. "Jana mimi nilimwambia mama huyu tumtoe huyu samaki kimya kimya, ndipo tuwaite. Yeye ndiye alikataa. Nataka hilo nalo mlijue, maana Sabato mnaniona nimesimama mbele yenu."

Wanawake waliinamisha macho, kwa adabu. Lakini Gesare alimtazama Nyanchera muda mrefu, akanyoosha mkono, si wa salamu, wa kuvutwa. Nyanchera akaegemeza fimbo ukutani, akaushika kwa mikono miwili, akavuta, nyonga ikalalamika, na beseni likaachia.

Mumi aliyetoroka alipatikana kwenye malenge. Machogu hakuwa anakagua nguzo tena. Alikuwa ameshavuka ua na mfuko wazi mikononi, akisema kwamba kama kuna mtu ana shida na hawa wageni, yeye hana neno.

&nbsp;

Alhamisi mvua ilijizuia. Chinsaga ilipikwa kwenye sufuria kubwa kuliko zote, na maziwa ya kutosha, na Gesare mwenyewe ndiye aliyeshika mwiko. Alimkataza mtu yeyote kuugusa. Nyanchera aliwekewa kiti cha mgongo karibu na moto na kuambiwa kazi yake ni kuonja. Alionja mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Wageni waliketi kwenye nyasi. Mchungaji mgeni, mtu mwembamba aliyekuwa amehubiri siku zote hizo juu ya kiasi, alimaliza sahani yake, akakaa akiitazama, kisha akaja nayo mwenyewe mpaka jikoni.

"Dada zangu, hizi mboga mmezitoa wapi? Sijala chinsaga kama hii tangu nitoke kwa mama yangu."

"Ni za hapa kwetu, mchungaji," Gesare alisema, akamjazia. "Huyu dada yetu anazikuza juu ya samaki. Baadaye atakuonyesha. Ukienda, uangalie mahali unapoketi."

Jiko zima likalipuka kwa kicheko, na mchungaji akacheka nao bila kujua kwa nini, akarudi na sahani iliyojaa.

Meza ya wazee ilikuwa mbele, chini ya hema, na kitambaa cheupe na viti vya kukodi. Nyanchera alimwona Obadiah akinyanyuka pale, katika suti yake, sahani mbili mikononi, akivuka uwanja mzima mbele ya macho ya watu. Alimkabidhi mkewe moja. Akatazama huku na huko, hakukuwa na kiti, akageuza debe tupu la maji, akalipangusa kwa leso, akaketi juu yake kando ya moto, katikati ya moshi na maganda ya ndizi.

"Mzee," Gesare alimwambia, "meza yenu iko kule."

"Naijua," Obadiah alisema. Akavua koti, mara hii bila kulikunja, akalitupa begani, na kuanza kumega ugali.